Sheria ya kazi Rwanda: Je, mfanyakazi asiye na mkataba wa maandishi ana haki gani?

Katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, ajira nyingi huanza kwa makubaliano ya mdomo. Mhudumu wa hoteli kando ya Ziwa Kivu, fundi msaidizi katika jengo linalojengwa, msichana wa kazi za nyumbani au mpakuzi wa sambaza huambiwa aanze kazi kesho, na mshahara hutajwa bila kuandikwa popote. Kuondolewa kazini nako mara nyingi huwa kwa neno moja tu.

Wengi huamini kwamba asiye na karatasi hana haki. Sheria ya kazi ya Rwanda, nambari 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, haisemi hivyo.

Mkataba wa mdomo una kikomo

Sheria inatambua mikataba ya aina mbili: wa maandishi na usio wa maandishi. Hata hivyo, mkataba wa mdomo hauwezi kuzidi siku 90 mfululizo. Mwajiri anayeendelea kumtumikisha mtu baada ya hapo bila kumwandikia mkataba ndiye anayekiuka sheria, si mfanyakazi.

Kipindi cha majaribio hakipaswi kuzidi miezi mitatu. Mwajiri akiwa na sababu za msingi zinazohusu aina ya kazi, utendaji au mwenendo wa mfanyakazi, anaweza kuongeza kipindi kingine kisichozidi miezi mitatu.

Walio katika sekta isiyo rasmi hawakuachwa nje kabisa. Nao wanalindwa katika mambo ya msingi, yakiwemo malipo ya mshahara, likizo, usalama na afya kazini, uhuru wa kujiunga na chama cha wafanyakazi, na marufuku ya ubaguzi, kazi za kulazimishwa na ajira za watoto. Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 16.

Likizo na hifadhi ya jamii

Mfanyakazi hujikusanyia siku moja na nusu ya likizo kwa kila mwezi, sawa na siku 18 za kazi kwa mwaka. Huongezewa siku moja kila baada ya miaka mitatu kwa mwajiri yuleyule, hadi siku 21. Kila wiki anastahili mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo.

Mwajiri pia ana wajibu wa kumsajili mfanyakazi katika Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB. Tangu Januari 2025, mchango wa pensheni ni asilimia 12 ya mshahara: nusu hutolewa na mwajiri na nusu hukatwa kwa mfanyakazi. Asiyesajiliwa hugundua hasara hiyo anapoumia kazini au anapozeeka.

Ajira inapokoma

Anayevunja mkataba usio na muda maalumu, awe mwajiri au mfanyakazi, lazima awe na sababu halali na atoe notisi: siku 15 kwa aliyefanya kazi chini ya mwaka mmoja, na siku 30 kwa aliyetimiza mwaka au zaidi. Kosa kubwa la kinidhamu huondoa hitaji la notisi, lakini mwajiri hutakiwa kumjulisha mhusika kwa maandishi ndani ya saa 48 baada ya kupata ushahidi.

Tuchukue mfano wa mpishi aliyefanya kazi miaka saba kwa mshahara wa faranga 150,000 kwa mwezi. Hoteli ikipunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi, anastahili kiinua mgongo cha wastani wa mishahara miwili, yaani faranga 300,000. Akiwa amefukuzwa bila sababu halali, mahakama inaweza kumpa fidia ya mishahara isiyopungua mitatu na isiyozidi sita.

Malalamiko yapelekwe wapi?

Hatua ya kwanza ni wawakilishi wa wafanyakazi mahali pa kazi, wanaojaribu kusuluhisha. Wakishindwa, shauri hupelekwa kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya. Suluhu isipopatikana hapo, ndipo mlango wa mahakama hufunguka.

Kwa wakazi wa Gisenyi kuna jambo jingine la kuzingatia. Anayevuka mpaka kila asubuhi kwenda kuajiriwa Goma huwa chini ya Kanuni ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002, inayowahusu wote wanaofanya kazi katika ardhi ya nchi hiyo.

Popote kazi ilipo, shauri husimama kwa ushahidi. Ujumbe wa malipo kwa simu, daftari la mahudhurio, kitambulisho cha kazi na majina ya wenzake ni vitu ambavyo mfanyakazi hana budi kuvitunza tangu siku ya kwanza. Mwajiri naye, akiandika mkataba mapema, hujikinga na madai asiyoweza kuyakanusha.