Mashine Haioni Maji

Wale mlionisikiliza Jumapili jioni mtaniwia radhi kwa kurudia. Wengi mmeniomba mazungumzo yale yawekwe katika maandishi, hasa ninyi mlio katika kamati za maji za vijiji. Nayaleta kama nilivyoyasoma redioni, ila nimeongeza mambo mawili matatu ambayo muda haukuniruhusu kuyasema.

Nianze na shimo. Katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma, hatua chache kutoka ofisi ya kijiji, kuna bomba la chuma lililochomoza ardhini likiwa limefunikwa kwa jiwe. Nilidhani ni kisima kilichoharibika pampu. Mzee mmoja aliyenipokea akanisahihisha: "Mwanangu, hiki hakikuharibika. Hiki hakikupata kutoa hata kikombe. Hapa tumezika mbuzi wetu."

Maana yake ni kwamba kila kaya ilichanga. Asiye na fedha aliuza mbuzi. Mtambo wa kuchimba ukaja, ukanguruma siku mbili, ukatoa vumbi jeupe la mwamba, kisha ukaondoka. Nilipouliza ni nani aliyechagua mahali pale, nikajibiwa kwamba mkutano ulipendelea karibu na ofisi, na mchimbaji hakupinga. Mchimbaji hulipwa kwa mita anazochimba, yawepo maji au yasiwepo.

Siku niliyofika mimi, walikuwa wamekuja wataalamu wa kupima ardhi. Sikuona mtambo mkubwa. Walikuwa na betri ya gari, kisanduku chenye mishale, nyaya ndefu, nyundo, na nondo nne fupi za chuma. Watoto walijaa kutazama, na mimi nikajipenyeza katikati yao.

Kazi yenyewe ni hii. Nondo nne hupigiliwa ardhini katika mstari mmoja. Zile mbili za nje hupitisha umeme kwenye udongo. Zile mbili za ndani hupima nguvu ya umeme inayobaki kati yao. Kutokana na vipimo hivyo hupatikana ukinzani wa ardhi, yaani jinsi ardhi inavyoupinga umeme usipite. Kisha nondo za nje husogezwa mbali zaidi, na tena mbali zaidi. Kadiri zinavyoachana ndivyo umeme unavyozama chini zaidi, na ndivyo habari zinavyotoka katika kina kikubwa zaidi. Mfaransa Conrad Schlumberger alianza majaribio ya namna hii mwaka 1912, akitafuta madini. Leo njia hiyo inatafuta maji kote duniani.

Mwamba mzima wa matale, kama ule uliojaa Dodoma, huupinga umeme vikali; ukinzani wake hufikia maelfu ya omu-mita. Mwamba huohuo ukiwa umelika, ukalegea na kushika maji baridi, kipimo hushuka hadi mamia, au hata makumi. Kwa hiyo mtaalamu anayeona namba zikishuka huanza kutabasamu. Lakini hapo ndipo penye mtego. Udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme vizuri, na mfinyanzi hushika maji bila kuyaachia. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi ya vyote. Namba ndogo yaweza kuwa baraka, yaweza kuwa tope, yaweza kuwa chumvi.

Yule mzee aliuliza swali ambalo mimi, pamoja na diploma yangu, nililionea aibu: "Mtaalamu, mashine hii inayaona maji?" Kijana akaacha kuandika. "Hapana, babu. Inauona umeme tu. Maji nayakisia mimi, kwa kulinganisha namba hizi na miamba ninayoiona na visima vya jirani." Nilimheshimu kwa jibu lile. Mashine haioni maji, na anayewaambia wanakijiji kwamba inaona, huyo anauza maneno.

Msidhani mtego huu huwanasa wanyonge peke yao. Mwezi Septemba 2013 Serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza kwamba katika bonde la Lotikipi, huko Turkana, kulikuwa na hazina ya maji iliyokisiwa kufikia mita za ujazo bilioni 200. Uchunguzi ulitumia picha za rada kutoka angani pamoja na vipimo vya miamba, na uchimbaji ukathibitisha kwamba maji yapo. Dunia ikashangilia. Maji yale yalipopimwa zaidi, yalionekana kuwa na chumvi nyingi mno kwa mtu kunywa bila kuyasafisha. Vipimo havikudanganya kuhusu maji kuwepo. Furaha ndiyo iliyotangulia maabara.

Turudi Dodoma, kwa sababu kuyapata maji ni nusu ya safari. Mji huo kwa miaka mingi umenyweshwa na visima vya bonde la Makutupora, kaskazini yake. Pale vina vya maji vimeandikwa tangu miaka ya 1950, na ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu kabisa za aina hiyo katika nchi za joto za Afrika. Daftari hilo limefundisha jambo zito: bonde halijazwi kila mwaka. Maji hushuka miaka kadhaa mfululizo, kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa na kuyapandisha. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ndizo zilizoleta ujazo mkubwa kuliko wote katika kumbukumbu hizo. Na tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, wanywaji wameongezeka.

Na hapa nondo zetu zinarudi na kazi ya pili. Wataalamu walipima umeme katika bonde hilo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Yalionyesha kwamba udongo uliolala juu ya mwamba ndio unaoamua maji yaingie wapi. Penye mchanga wa mito ya msimu yanapenya. Penye mfinyanzi yanazuiliwa. Maana yake kwetu ni nyepesi kueleweka na ngumu kutekelezwa: korongo la mchanga tunalolizoa kujengea nyumba au kulijaza takataka, huenda ndilo mlango wa kisima chetu.

Kwa wanakamati, basi, nina maombi matatu. Kwanza, msikubali mtambo uchimbe kabla hamjaona karatasi ya vipimo na kuelezwa maana yake. Gharama ya kupima ni ndogo sana ikilinganishwa na ya shimo kavu. Pili, kisima kikichimbwa, dai rekodi ya matabaka yote yaliyotobolewa, hata kama shimo ni kavu, mkaitunze ofisini. Shimo kavu lililoandikwa humsaidia mtaalamu ajaye. Lisiloandikwa ni kaburi la mbuzi. Tatu, maji yakipatikana, yapimwe kwanza maabara, halafu kina chake kiandikwe kila mwezi.

Mtauliza kijiji kile kiliishia wapi. Wataalamu walitia alama mahali pawili, pote mbali na ofisi, kando ya korongo. Kisima cha kwanza kilitoa maji haba. Cha pili ndicho kinachonywewa leo. Akina mama hutembea zaidi kidogo kuliko mkutano ulivyotaka, lakini hurudi na ndoo zilizojaa. Na yule mzee ana daftari la shule lenye jalada la kijani, ambamo mjukuu wake huandika kina cha maji kila mwisho wa mwezi.

Hadi juma lijalo, nawatakieni heri.