Kazi ya kalamu isiyoonekana: namna wahariri na waandishi wa kujitegemea wanavyoishi mashariki mwa Congo

Katika miji ya Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Lubumbashi, kuna watu ambao majina yao hayaonekani popote, lakini mkono wao umepita ndani ya ripoti za mashirika, matangazo ya afya, vitabu na kazi za mwisho wa masomo. Ni wahariri, watafsiri na waandishi wa kujitegemea. Hawana bosi wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Wanalipwa kwa kazi moja moja, na mara nyingine hawalipwi.

Shida yao kubwa inatoka ndani ya ufundi wenyewe. Seremala akimaliza meza, mteja anaiona na kuigusa. Mhariri akimaliza vizuri, mteja anasoma maandishi yake, anaona yanatiririka, na anafikiri yalikuwa hivyo tangu mwanzo. Kazi ikiwa mbaya inaonekana, ikiwa nzuri inajificha. Ndiyo maana mabishano mengi ya malipo yanazuka baada ya kazi kuisha, wakati makubaliano yalipaswa kufanywa mbele.

Mwanafunzi, mteja wa kwanza

Kwa wengi, kazi inaanzia karibu na chuo kikuu. Tarehe ya kuweka kazi ya mwisho wa masomo ikikaribia, vibanda vya kuchapa na kufotokopi vinajaa. Mwanafunzi anafika na TFC au memwari yake ndani ya ufunguo wa USB na kusema: «Yaya, angalia tu kidogo, ni makosa kidogo tu.» Neno «kidogo» ndilo linalowaponza wengi. Mhariri akifungua faili anakuta mlango wa kwanza na wa tatu vinasema mambo yanayopingana, orodha ya vitabu haifanani na majina yaliyotajwa ndani, na sentensi moja inameza nusu ya ukurasa.

Hapo kuna kazi tatu tofauti, na kila moja ina bei yake. Ya kwanza ni kusahihisha: maandishi ya maneno, nukta, upatanisho wa kitenzi na mtendaji. Ya pili ni kunyoosha: kuvunja sentensi ndefu, kuondoa marudio, kuhakikisha neno moja linatumika kwa maana moja mpaka mwisho. Ya tatu ni kupanga upya: kuhamisha aya, kuonyesha hoja inayokosekana, kumuuliza mwandishi alitaka kusema nini. Mtu aliyelipwa kwa ya kwanza huku akifanya ya tatu anafanya kazi kwa hasara, hata kama mteja hana nia mbaya.

Kuna pia mpaka usiovukwa. Kumsahihishia mwanafunzi Kifaransa chake ni msaada unaokubalika. Kumwandikia memwari nzima kisha yeye aweke jina lake ni udanganyifu, na cheti kinachopatikana hivyo hakina uzito. Anayeandika kwa siri hujiumiza pia: hawezi kumwonyesha mteja mwingine kazi hiyo, na akinyimwa malipo hana pa kulalamika.

Ukurasa ni kitu gani?

Kosa la kwanza la anayeanza ni kukubali bei ya ukurasa bila kuuliza ukurasa una nini ndani. Katika kazi ya uchapishaji kwa Kifaransa, kuna kipimo cha zamani kinachoitwa «feuillet»: alama 1500, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Hiyo ni karibu maneno 250.

Mfano unaonyesha tofauti. Memwari ya kurasa 80, yenye herufi ndogo na mistari iliyobanana, inaweza kuwa na maneno 500 kwa kila ukurasa. Jumla ni maneno 40 000. Kwa kipimo cha «feuillet», hizo si kurasa 80, ni 160. Mhariri anayenyoosha kurasa 5 za namna hiyo kwa saa atahitaji saa 32, yaani siku nne nzima za saa nane. Kama hakuhesabu maneno kabla ya kutaja bei, siku mbili kati ya hizo nne amezitoa bure. Programu ya kuandikia inahesabu maneno kwa sekunde moja, lakini wengi hawaifungui sehemu hiyo kabla ya kujibu «ndiyo».

Katika bei hiyo lazima kuingie vitu ambavyo mteja havioni: uniti za intaneti, umeme unaokatika na kumlazimisha mtu kulipa mahali penye jenereta, kompyuta itakayozeeka, na siku ambazo hakuna mteja.

Wanaoandika habari kwa kipande

Hali ni ngumu zaidi kwa waandishi wa habari wanaolipwa kwa kipande. Chombo cha habari kinalipa makala iliyotoka. Motari, uniti, chakula cha njiani na makala iliyokataliwa vinabaki juu ya mwandishi. Barabara ya kwenda kijijani ikifungwa kwa sababu ya vita, safari imepotea, na hakuna anayeirudisha pesa yake.

Katika pengo hilo ndimo inaingia desturi ambayo kila mwandishi wa Congo anaijua: «coupage», bahasha inayotolewa na yule aliyeandaa mkutano au sherehe. Maadili ya kazi yanaikataa, na wahariri wakuu wanaisema vibaya mbele za watu. Lakini mwandishi anayepewa makuta na mtu anayemwandikia, huku gazeti likimpa kidogo au likikosa kabisa kumpa, ameshawekwa mahali ambapo ukweli unamgharimu yeye peke yake. Msomaji naye anaumia bila kujua: habari za wenye bahasha zinapata nafasi, na za mkulima aliyenyang'anywa shamba zinangoja.

Kiswahili kipi?

Kazi nyingine inatoka kwa mashirika yanayotaka kusema na raia. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 inakifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lakini mtu anayepokea karatasi ya kutafsiri anakutana na swali ambalo Katiba haijibu: Kiswahili cha vitabu au kile cha soko la Virunga, la Kadutu, la Kenya kule Lubumbashi?

Ugonjwa wa Ebola ulionyesha uzito wa swali hilo. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ukaingia pia Ituri, ulidumu hadi tarehe 25 mwezi wa sita 2020 na kuua watu zaidi ya 2 200. Shirika la Translators without Borders, lililochunguza mambo ya lugha wakati ule, lilionyesha kwamba ujumbe wa Kifaransa na wa Kiswahili sanifu uliwapita watu wengi. Wakaaji wa Beni na Butembo wanazungumza Kinande nyumbani, na Kiswahili chao cha barabarani kina njia zake: mtu anamwita «munganga» yule ambaye karatasi inamwita «daktari», na timu za kupambana na ugonjwa wote waliziita «riposte», kwa Kifaransa.

Mtafsiri anayejua kazi haandiki tu neno lililo katika kamusi. Anamsomea mama anayeuza ndizi, anamuuliza ameelewa nini, kisha anabadilisha. Nusu saa hiyo haionekani katika karatasi ya mwisho, na mara nyingi haipo katika bajeti. Lakini ndiyo inayoamua kama ujumbe juu ya maziko salama utasikika kama msaada au kama amri ya wageni.

Kusikia kabla ya kusahihisha

Congo ina mfano wake mzuri wa uhariri wa namna hii. Mwaka 1965, André Yav alitayarisha historia ya mji wa Élisabethville, leo Lubumbashi, kwa jina la chama cha watu waliokuwa wamefanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Iliandikwa kwa mashini, katika Kiswahili cha Katanga, na maneno yake hayakutenganishwa kwa namna ya vitabu. Kwa jicho tu ilikuwa vigumu kuisoma.

Mtafiti Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990, alifanya kazi pamoja na Kalundi Mango, mtu wa Lubumbashi, ambaye aliisoma kwa sauti na kuirekodi. Sauti ndiyo iliyofungua maandishi. Wangeweza kuigeuza iwe Kiswahili sanifu, lakini wangeipoteza sauti ya watu walioisimulia.

Hilo ni somo la kila siku kwa mhariri. Kosa la mkono linasahihishwa. Namna ya mtu ya kusema, kama haifichi maana, inaachwa. Na njia rahisi ya kutofautisha hivyo viwili bado ni ileile: kusoma kwa sauti.

Programu za kompyuta zinazoandika zenyewe zimeleta shindano jipya, na wateja wengine wanasema mashini itafanya bure. Kwa Kifaransa cha barua ya ofisi, mashini inafanya mengi. Lakini haitampigia simu mwandishi kumuuliza kama kijiji alichokitaja kiko Masisi au Walikale, na jina la uongo linaweza kuipitia bila kuistua.

Pesa inapitia wapi?

Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inamlinda mfanyakazi aliye chini ya mwajiri. Anayejitegemea anabaki na kile alichokubaliana na mteja. Kwa upande wa haki za mwandishi, Congo ina sheria ya tarehe 5 mwezi wa ine 1986, na ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ambao unaihesabu tafsiri kuwa kazi inayolindwa. Mtafsiri basi si mashini ya kufotokopi. Ana haki ya kuuliza jina lake litawekwa wapi.

Hata mteja akitaka kulipa, njia inaweza kufungwa. M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, benki zilifunga milango. Waliokuwa wakipokea malipo kwa akaunti walibaki na pesa ya simu na makato yake, au kuvuka mpaka kwenda kutafuta noti Gisenyi na Kamembe.

Kwa hiyo wanaodumu katika kazi hii wanafanya jambo moja dogo kabla ya kufungua faili. Wanaandika ujumbe mfupi, hata kwa WhatsApp, na kungoja jibu: ni maneno mangapi, ni kazi ipi kati ya zile tatu, itaisha siku gani, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, nusu inalipwa lini na kwa njia gani. Wanahifadhi pia faili ya kwanza bila kuigusa, na wanasahihisha katika nakala inayoonyesha alama za mabadiliko. Siku mteja akisema hakuona kazi iliyofanyika, faili hizo mbili zinafunguliwa sambamba, na kila mstari uliobadilishwa uko pale kwa rangi nyekundu.