Samaki wa Chini ya Barafu na Mnyoo Tegu

Katika maziwa na mito ya nchi za kaskazini, kama Ufini, Urusi na Kanada, yuko samaki akaaye chini kabisa, penye matope na mawe. Anaitwa baboti. Ana mwili mrefu wenye utelezi na udevu mmoja kidevuni. Hutaga mayai wakati wa baridi kali, maji yakiwa yamefunikwa na barafu. Wavuvi hutoboa barafu hiyo ili wampate.

Baboti ni chakula bora. Nyama yake hujenga mwili. Ini lake lina vitamini A, inayolinda macho, na vitamini D, inayoimarisha mifupa.

Hata hivyo, samaki huyu anaweza kubeba viluwiluwi vya mnyoo aitwaye tegu wa samaki. Mtu akila nyama, ini au mayai ya samaki yasiyoiva, kiluwiluwi hukua tumboni mwake na kuwa mnyoo mrefu, hata kufikia mita 10. Mnyoo huyo hunyonya vitamini B12, ambayo mwili huihitaji ili kutengeneza damu. Wagonjwa wengine hupungukiwa damu, huchoka upesi na kufa ganzi miguuni. Wengine hawasikii lolote, lakini wanaeneza mayai ya mnyoo.

Mayai hayo hutoka na choo kikubwa. Yakifika majini, huangua. Vijidudu vya majini humeza watoto wa mnyoo, samaki wadogo hula vijidudu, na baboti hula samaki wadogo. Mwisho mtu humla baboti, na duara hufungwa.

Katika miaka ya 1940 Wafini wengi sana walikuwa na tegu huyu. Walifundishwa kupika samaki vizuri, wagonjwa wakatibiwa, na maji machafu yakazuiwa kuingia ziwani. Siku hizi ugonjwa huo ni nadra kwao.

Basi tukumbuke:
1. Pika samaki mpaka nyama iwe nyeupe na iachane na mifupa. Chumvi kidogo au moshi kidogo haviui viluwiluwi.
2. Tumia choo. Usijisaidie ziwani wala mtoni.
3. Ukiona vipande vya mnyoo chooni, nenda zahanati. Dawa ipo.

Maswali ya kujadili:
Tegu huingiaje mwilini mwa mtu? Kwa nini kumtibu mgonjwa bila kujenga choo hakutoshi?