Snuka nayo ni kazi?

(Mazungumzo haya yalisomwa kwanza redioni katika kipindi chetu cha kila wiki)

Wiki iliyopita nilisimamishwa kwenye ngazi za ghorofa moja ya Upanga, zile ambazo wazee bado wanaziita nyumba za Msajili. Aliyenisimamisha ni jirani, mama anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza salamu. "Kaka, wewe mtu wa redio unajua mambo ya dunia. Hivi snuka nayo ni kazi?"

Mwanawe amemaliza kidato cha sita. Mama amedunduliza pesa za ada ya chuo, kitenge kwa kitenge. Sasa kijana anaomba pesa hizo hizo akate tiketi ya ndege, aende Uingereza kushindania nafasi ya kuwa mchezaji wa kulipwa wa snuka. Mama alitaka jibu la ndiyo au hapana. Nilimwomba siku saba, na leo natimiza ahadi.

Kwanza tuelewane, maana wengi wetu tunaichanganya snuka na pool. Meza ya pool ya vijiweni ina urefu wa futi saba hivi. Ya snuka ina futi 12 kwa 6, uzito wake unapita tani moja kwa sababu chini ya kitambaa kuna mawe, na inahitaji chumba kikubwa kuliko sebule nyingi za mjini. Ndiyo maana hutaikuta chini ya mwembe. Mipira ni 22: mmoja mweupe wa kupigia, 15 myekundu yenye pointi moja moja, na sita ya rangi nyingine, kuanzia wa njano wenye pointi 2 hadi mweusi wenye 7. Mchezaji huingiza mwekundu, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena, na huendelea mpaka akosee. Pointi anazopata bila kukosea tuziite mkupuo. Akiingiza myekundu yote, kila mmoja akiufuatisha na mweusi, kisha akamaliza na rangi zote sita, anapata 147.

Mchezo huu ulizaliwa mwaka 1875 huko Jabalpur, India, miongoni mwa maofisa wa jeshi la Waingereza. Ulisambaa pamoja na dola yao, ukaingia katika klabu zilizotenga watu kwa rangi, ambako Mwafrika alikuwa mtu wa kubeba sinia. Lakini tusijione wageni kabisa. Kabla ya kuvumbuliwa mipira ya kutengenezwa viwandani, mipira ya biliadi, mchezo uliozaa snuka, ilichongwa kwa pembe za ndovu, na jino moja lilitoa mipira michache tu. Katika karne ya 19 pembe nyingi zilishuka pwani kwa mabega ya wapagazi, zikapita Bagamoyo na Unguja hadi Ulaya na Marekani. Mzigo tulibeba sisi, mchezo wakacheza wengine.

Nirudi kwenye swali la mama. Ndiyo, snuka ni kazi, ila ni kazi yenye mlango mwembamba. Duniani kote wachezaji wa mzunguko wa kulipwa ni wapatao 128. Ukiwakusanya wote wataenea kwenye mabasi mawili ya mikoani. Anayeingia hupewa nafasi kwa miaka miwili. Hupangwa kwa fedha za zawadi alizoshinda katika kipindi hicho, na asipofika miongoni mwa 64 wa juu huenda akarudi kuanza upya. Milango ya kuingilia ni michache. Upo mchujo uitwao Q School, ambao kila mshiriki hujilipia kiingilio, nauli na malazi. Yapo pia mashindano ya ridhaa, ukiwemo ubingwa wa Afrika. Wamisri Hatem Yassen na Mohamed Ibrahim ni miongoni mwa Waafrika waliowahi kuingia katika mzunguko huo.

Tofauti na mwanasoka wa Simba au Yanga, mchezaji wa snuka hana klabu ya kumlipa mshahara. Analipwa anaposhinda. Akitolewa mapema hurudi na deni la hoteli. Ni katika msimu wa 2022/23 tu ndipo wachezaji walipoanza kuhakikishiwa angalau pauni 20,000 kwa msimu, na hata hizo zilikuwa malipo ya awali, zikikatwa kwenye zawadi watakazoshinda.

Mwafrika aliyefika mbali kuliko wote katika ubingwa wa dunia ni Perrie Mans wa Afrika Kusini. Baba yake naye alikuwa mchezaji wa kulipwa, hivyo meza aliikuta nyumbani. Mwaka 1978, katika ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, alimtoa John Spencer aliyekuwa bingwa mtetezi, akafika fainali, akafungwa 25 kwa 18 na Ray Reardon wa Wales. Mwaka uliofuata alitwaa kombe la Masters kwa kumfunga Alex Higgins 8 kwa 4. Katika fainali hiyo hakufikisha hata mara moja mkupuo wa pointi 50.

Huyo Reardon naye ana funzo. Alifanya kazi mgodini, siku moja akafukiwa na kifusi kwa saa kadhaa, akaokolewa. Baadaye akawa polisi. Aligeuka mchezaji wa kulipwa mwishoni mwa mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 35, na akatwaa ubingwa wa dunia mara sita. Alipomfunga Mans alikuwa na miaka 45. Zawadi yake siku hiyo ilikuwa pauni 7,500. Bingwa wa mwaka 2025, Zhao Xintong wa China, alipata pauni 500,000. Kilichobadilisha mambo ni televisheni. Mwaka 1985 Waingereza milioni 18 na nusu walikesha hadi baada ya saa sita usiku kumtazama Dennis Taylor akimshinda Steve Davis kwa mpira wa mwisho, ule mweusi.

Lakini penye asali hapakosi nyuki. Mwaka 2023 wachezaji kumi wa China waliadhibiwa kwa makosa ya kupanga matokeo na kucheza kamari. Wawili, Liang Wenbo na Li Hang, walifungiwa maisha. Yan Bingtao, aliyetwaa Masters mwaka 2021 akiwa na miaka 20 tu, alifungiwa miaka mitano. Zhao mwenyewe alifungiwa miezi 20 kabla ya kurudi na kuwa bingwa. Kijana aliye mbali na nyumbani, anayedaiwa, asiye na mshahara, ni windo rahisi. Na sisi tunaoishi katika mji ambao kamari inachezwa kwenye simu ya kila kijana, hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Jumamosi nilimfuata kijana klabuni, hapa hapa Upanga. "Shikamoo anko," akaniamkia, kisha akaniomba nihesabu. Alicheza vizuri, nakiri. Akafikisha 41. Nilipomsimulia habari za Mans akaruka: "Hajafika hamsini akachukua kombe? Basi mimi nimekaribia!"

Nilicheka, kisha nikamweleza yaliyobaki. Hiyo ilikuwa 1979. Stephen Hendry, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara saba, alipiga mikupuo zaidi ya 770 ya pointi mia moja na zaidi. Ronnie O'Sullivan alifikisha mkupuo wa elfu moja wa namna hiyo mwaka 2019. Nikamuuliza yeye amefikisha mia mara ngapi. Alipaka chaki kwenye ncha ya fimbo yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Bado, anko."

Basi, dada yangu wa Mtaa wa Kongo, jibu langu ni hili. Mwanao si mhuni. Mwaka 2016 viongozi wetu, Rais Magufuli akiwa miongoni mwao, waliwakemea vijana wanaocheza pool asubuhi, nao walikuwa na hoja kuhusu saa za kazi. Ila kukaa kwenye meza ya snuka saa nne mfululizo ukijifunza pembe, subira na hesabu si uvivu. Usimvunjie fimbo. Lakini ada usiitoe. Aende chuo, na jioni acheze. Akifikisha mia mbele ya mashahidi, si mara moja bali kila wiki, na akiwashinda wa hapa nchini na wa nchi jirani, hapo atafute njia ya ubingwa wa Afrika kabla ya kufikiria tiketi ya Uingereza. Reardon alianza na miaka 35. Mwanao ana 19.

Na wenye klabu zenye meza hizi nawaomba jambo moja. Fungueni mlango mchana mmoja kwa wiki kwa watoto wasio wanachama. Pembe zilibebwa na babu zao. Wajukuu nao washike fimbo.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.