Je, Wajua? Wali wa Jana Ndio Unaokaangika

Mpishi wa nyumbani akifunua sufuria asubuhi akakuta wali wa jana, nyanya mbili na yai moja, hana haja ya kukimbilia gengeni. Kitunguu kikishalegea kwenye mafuta, nyanya zinaingia, kisha wali, na mwisho yai linavurugwa humo humo. Mwenye kipande cha samaki wa jana hata asiulize, akichambue tu.

Siri ni ubaridi. Wali wa moto una unyevu na wanga laini unaonata, ndiyo maana ukikaangwa papo hapo hugeuka bokoboko. Ukishapoa kabisa, molekuli za wanga hujipanga upya na kukaza, punje zikaachana.

Lakini kiporo kilicholala mezani usiku kucha si cha kuchezea. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus huhimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huchipua na bakteria huzaliana, na sumu yao ya kutapisha haiharibiwi hata na kikaango. Friji, na mapema.

Michezo ya jikoni huzaa majina pia. Nchini Uganda, mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati huitwa rolex, jina lililotokana na matamshi ya haraka ya maneno ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo. Saa ya kifahari haihusiki. Tanzania nako, chipsi zilizomiminiwa mayai kikaangoni zimepewa jina la zege. Aliyewahi kumaliza sahani nzima usiku wa manane hatasema jina limetiwa chumvi.