Si ni kuongea tu?

Juzi nimeulizwa tena, safari hii kwenye foleni ya duka la dawa hapa Kianyaga: "Daktari, hiyo tiba ya akili ya kwa simu, si ni kuongea tu?" Mimi si daktari, ni mwanasaikolojia, lakini kulisahihisha hilo nilishachoka.

Ndiyo, mama, ni kuongea. Hata ofisini kwangu ni kuongea, sindano sina. Kosa lako liko kwenye hilo neno "tu". Linakufanya uamini maneno yote ni mamoja, yawe ya mtaalamu, ya jirani au ya roboti ya simuni inayokubali kila usemalo. Watu wanamwaga shida zao kwenye kundi la WhatsApp, kisha wananiambia, "Niliongea, haikusaidia." Hukuongea, ulilalamika.

Chukua mwanamume aliyeshikwa na sonona. Shambani haendi, kahawa imemezwa na magugu, mchana analala, usiku macho makavu. Jirani atamwambia ajikaze. Mimi namuuliza: Jumanne saa nne asubuhi ulikuwa wapi, ukifanya nini, na moyo ulikuwaje kati ya 0 na 10? Anaandika. Kisha tunapanga: Alhamisi saa tatu, palilia mashina matano. Si shamba zima, matano, moyo utake usitake, maana anayengoja hamu irudi ndipo ainuke atangoja sana. Wiki ijayo nauliza habari za yale matano. Kama hakuyagusa, hatugombani. Tunatafuta kilichomzuia na kushuka hadi mawili. Sasa niambie, tiba ilifanyika wapi? Shambani, katika zile siku sita ambazo mimi sikuwepo. Awe alikaa mbele yangu au alinisikia kwa simu, jembe lilikuwa mkononi mwake.

Ndiyo maana tafiti, nyingi zikiwa za Sweden, zimeona kuwa tiba ya namna hii kwa intaneti, mtaalamu akiifuatilia, hutoa matokeo yanayokaribiana na ya ana kwa ana kwa sonona na wasiwasi. Wenzangu wanaodai mgonjwa "hafunguki" kwa simu hawawahesabu wale wasiokanyaga kliniki kabisa, kwa kuogopa kuonekana mlangoni siku ya soko. Jambo moja tu nawapa: simu haipimi damu, na upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingo hufanana sana na sonona. Pimwa kwanza.

Haya, ukiamua kutibiwa kwa simu, upesi. Mshauri akuonyeshe leseni. Sheria ya Kenya ya 2014 kuhusu washauri na wanasaikolojia inamtaka asajiliwe. Tafuta faragha: wapo wanaonipigia wakiwa katikati ya majani chai. Video ikikwama, sauti yatosha. Mvua ya Aprili ikipiga mabati, tunaahirisha. Namba za kupiga kuomba msaada: 1199 ni ya Msalaba Mwekundu, 1192 ni ya NACADA, mamlaka ya kupambana na pombe na mihadarati, zote bila malipo. Anayesikia sauti zisizokuwepo, au mnywaji wa kila siku aliyeacha ghafla na sasa anatetemeka, huyo si wa simu. Ni wa hospitali, leo, kwani degedege la kuacha pombe huua. Anayesema atajiua msimwache peke yake, na dawa ya kunyunyizia kahawa itoke nyumbani kabla ya jua kuzama. Wala msimfiche kwa kuogopa polisi: kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025.