Mizani ya angani na visima vya Makutupora

Maji mengi yanayotoka kwenye mabomba ya jiji la Dodoma yamevutwa kutoka chini ya ardhi huko Makutupora, kaskazini mwa jiji, jirani na kambi ya JKT na mashamba ya zabibu. Mto wa kudumu hatuna. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 570, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua, vumbi na upepo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 ndani ya jiji, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, nyumba mpya zinapanda kila upande. Je, maji ya Makutupora yatatosha? Sehemu ya jibu inatafutwa kilomita kama mia tano juu ya vichwa vyetu, na setilaiti za Marekani na Ujerumani.

Machi 17, 2002, shirika la anga la Marekani, NASA, na lile la Ujerumani, DLR, yalirusha setilaiti mbili pacha zilizoitwa GRACE. Zilizunguka dunia zikifuatana, moja nyuma ya nyingine, umbali wa kilomita 220 hivi, na wahandisi wakazipa majina ya utani ya Tom na Jerry. Kazi yake haikuwa kupiga picha za nchi. Ilikuwa kuipima dunia mvutano wake, kama mizani.

Maji yana uzito, na kila chenye uzito huvuta. Setilaiti ya mbele inapokaribia eneo ambalo ardhi yake imeshiba maji, huvutwa kidogo na kuongeza mwendo, ikaiacha pacha yake nyuma. Ya nyuma nayo ikifika hapo huvutwa, pengo likapungua. Pengo hilo lilipimwa kwa mawimbi ya redio kwa usahihi wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Kila mwezi ikatoka ramani ya mahali uzito ulipoongezeka na ulipopungua. Wataalamu wakishatoa hesabu ya maji ya maziwa na unyevu wa udongo wa juu, kinachobaki ni maji yaliyo chini kabisa, ambayo hakuna jicho linaloyaona.

Kazi hii iligawanywa kwa busara. Wamarekani walileta ujuzi wa kupima pengo lile. Setilaiti zenyewe ziliundwa Friedrichshafen, kusini mwa Ujerumani, na kuongozwa na Wajerumani. GRACE ilipokoma mwaka 2017, warithi wake, GRACE-FO, walirushwa Mei 22, 2018. Safari hiyo biashara iliingia moja kwa moja: Wajerumani walinunua nafasi kwenye roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX, iliyobeba pia setilaiti tano za simu za kampuni ya Iridium. Sayansi ilipanda gari moja na biashara, na gharama ikagawanywa.

Tanzania haikuwa kwenye meza ya makubaliano hayo, na si mara ya kwanza. Oktoba 1960 Marekani na Uingereza zilikubaliana kujenga kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury kisiwani Unguja, eneo la Tunguu. John Glenn alipoizunguka dunia Februari 20, 1962, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyomfuatilia. Wazanzibari hawakutia saini. Baada ya Mapinduzi, Serikali mpya ilitaka kituo kiondoke, na mwaka huohuo wa 1964 kikaondoka. Tofauti ya GRACE ni kwamba takwimu zake ziko wazi kwa wote: mtafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, anazipata bure sawa na mwenzake wa Potsdam.

Lakini mizani hii ya angani ina udhaifu ambao kwetu ni mkubwa. Haioni mahali padogo. Mkoa mzima wa Dodoma una kilomita za mraba 41,311, na hilo ni eneo dogo mno kwa GRACE kulitenga peke yake. Ziwa Victoria nalo lina uzito mkubwa, kiasi kwamba likipanda au kushuka linaweza kuchafua hesabu ya nchi jirani. Bila kipimo cha ardhini, ramani ile inabaki makisio.

Na kipimo cha ardhini kipo. Tangu miaka ya 1950, mafundi wa maji wamekuwa wakipima kina cha maji kwenye visima vya Makutupora na kuandika. Serikali ya kikoloni ikaondoka, wizara zikabadilika majina, wao wakaendelea kuandika. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza na Tanzania, wakiongozwa na Richard Taylor wa chuo kikuu cha UCL, London, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55 katika jarida la Nature Climate Change. Si maeneo mengi ya Afrika ya tropiki yenye hazina kama hii.

Walichokiona kinapaswa kujulikana na kila anayenunua kiwanja Dodoma. Mvua za kawaida hazijazi hifadhi ile. Miaka inapita, watu wanalima mtama na uwele wao na kuvuna, lakini huku chini maji yanazidi kushuka. Kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi, makorongo yanafurika, na maji visimani yanapanda ghafla. El Nino ya 1997/98, ileile iliyoharibu barabara na reli, ndiyo iliyoijaza Makutupora kuliko msimu mwingine katika kumbukumbu hizo. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2021 na kumshirikisha Japhet Kashaigili wa Sokoine, ulionyesha njia yenyewe: maji huzama zaidi kupitia mchanga wa makorongo ya msimu, hasa Kinyasungwe Ndogo.

Msimu wa El Nino wa 2015/16 ndipo mbingu na ardhi zilipowekwa pamoja. Watafiti walichukua ramani za GRACE na vipimo vya Makutupora, wakalinganisha. Setilaiti zilionyesha maji yakiongezeka ukanda huu wa Afrika Mashariki kusini mwa Ikweta. Visima navyo vilionyesha maji yamepanda. Wakati huohuo kusini mwa Afrika kulikuwa na ukame mkali.

Kwa maoni yangu huu ndio mchango wa Tanzania katika sayansi ya anga, na ni mchango wa kujivunia. Tunazungumza sana kuhusu kuwa na setilaiti yetu wenyewe, na sipingi. Ila daftari la Makutupora tayari linawapa wenye setilaiti kitu ambacho fedha zao haziwezi kununua: miaka sitini na zaidi ya vipimo vya sehemu moja. Kipimo cha mwaka uliorukwa hakirudi tena.

Marekani na Ujerumani zinapanga kurusha pacha wengine, GRACE-C, mwaka 2028. Wizara ya Maji na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu zihakikishe kwamba siku hiyo ikifika, visima vya uchunguzi Makutupora vina vifaa vizima na mafundi waliolipwa. Na halmashauri ya jiji iyalinde makorongo ya Kinyasungwe Ndogo dhidi ya ujenzi na uchimbaji wa mchanga, maana hapo ndipo maji ya Dodoma yanapoingilia.